Hakimu wa Ndege

MaZondi alimsikia phezukomkhono, ndege anayetangaza msimu wa kulima, asubuhi moja mwishoni mwa Agosti, akiwa anaanika mashuka, na ni kwa sababu hiyo tu alikubali sharti ambalo mtu mwenye akili zake asingelikubali.

Sharti lilitolewa jioni ile ile, mezani, na mumewe Shezi. Shezi alikuwa amestaafu udereva wa basi tangu Machi, na tangu Machi alikuwa akikiangalia kile kiwanja cha nyuma ya nyumba kama mtu aliyeona kiti kitupu ndani ya basi lililojaa. Yeye na jirani yao Khumbulani walitaka kuweka kontena pale, wafungue banda la nyama choma. Kontena Khumbulani alishalipata. Nyama wangejua mbele ya safari.

MaZondi naye alitaka kupanda mahindi. Si mahindi ya dukani. Ni yale meupe, mafupi, aliyoachiwa na mama yake, ambayo kila mwaka alipanda, akala, akabakiza mbegu, akapanda tena. Mwaka juzi ukame uliyaua yote shambani. Mwaka jana goti lake lilifanyiwa upasuaji na hakuna aliyepanda. Mbegu zilizobaki zilikuwa ndani ya chupa kabatini, na mbegu hazisubiri watu wapone. Zisipoingia ardhini msimu huu, habari yake ndiyo imekwisha. Tatizo ni kwamba goti lilikuwa limeruhusiwa kutembea, kupika na kwenda kanisani, lakini kulima lilikuwa halijaruhusiwa. Mwenye magoti mawili mazima katika nyumba ile alikuwa Shezi.

"Baba yangu," Shezi alisema, akimimina maziwa mgando juu ya phuthu, ugali wao wa chenga-chenga, "hakuwahi kugusa jembe kabla phezukomkhono hajaita. Hata mvua inyeshe wiki nzima. Jina lenyewe linasema: juu ya mkono. Jembe begani, twende. Ndege akinyamaza, jembe linalala."

"Baba yako alikuwa mvivu," MaZondi alisema.

"Alikuwa mtu wa mila."

"Mvivu mwenye mila, basi."

Khumbulani alicheka, kisha akakumbuka kwamba anakula chakula cha Shezi, akakohoa.

"Sikiliza, MaZondi," Shezi alisema. "Tusigombane, tumwachie ndege. Akiita hapa kwetu kabla kontena halijagusa ardhi, nalima kiwanja chote, peke yangu, kwa mkono. Asipoita, asubuhi ya Siku ya Urithi, ile sikukuu ya mwisho wa Septemba, kontena linashuka, na wewe hutanuna."

Shezi alijua anachosema. Mwaka uliopita ndege yule alichelewa hadi Oktoba, na mwaka wa kabla yake vilevile. Lakini MaZondi hakuwa akifikiria mwaka uliopita. Alikuwa akifikiria mashuka ya asubuhi.

"Nimekubali," alisema upesi. "Kanoe jembe. Ameita leo."

Shezi alitafuna bila haraka. Akafuta mdomo. Dereva aliyezoea kuulizwa na abiria kwa nini basi limechelewa hashtuki ovyo.

"Aliita akiwa wapi?"

"Kwenye mpichi."

"Juu au chini?"

"Chini, karibu na ukuta."

"Na alipomaliza, alisema nini?"

MaZondi alisita. Kweli kulikuwa na kitu. Zile noti tatu za kushuka za phezukomkhono zilikuja mara tatu nne, kisha zikafuatiwa na sauti kama ya mlango wa kabati lisilotiwa mafuta, halafu hua, halafu paka.

"Huyo ni kurumbiza," Shezi alisema kwa upole mkubwa. "Yule mwenye tumbo la rangi ya chungwa. Anaiga kila mtu. Phezukomkhono mwenyewe sasa hivi yuko huko juu Kongo anakula viwavi."

"Nani aamue kama ni yeye au siye?"

"Anayelima ndiye anayeamua. Mpaka mimi, kwa mdomo wangu, niseme ndiye."

"Ni haki, shemeji," Khumbulani alisema, akijiongezea phuthu.

MaZondi alikuwa mlezi wa bweni la wasichana kwa miaka mingi. Alishawahi kunasa simu ndani ya mkate na mvulana ndani ya kapu la nguo chafu. Sasa alikuwa amenaswa na dereva wa basi mezani kwake mwenyewe. Aliondoa sufuria kabla Khumbulani hajalifikia tena.

Kuanzia kesho yake aliamka kabla ya jua. Alivaa koti la Shezi la kazini, akabeba kikombe cha chai na darubini ambayo binti yao Nontando aliwahi kuwanunulia waangalie mechi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mtaa wao wa Mpophomeni, na milima iliyochomwa nyasi ilikuwa myeusi kama masizi. Alikuwa na kazi moja tu: kumpata phezukomkhono wa kweli na kumwonyesha Shezi.

Hakumpata. Alipata wengine.

Alimpata kwarara akitembea kwenye nyasi za MaDuma ng'ambo ya barabara, mikono kama imefungwa nyuma, mfano wa mkaguzi wa elimu. Aliwapata chozi wawili wakigombania ua moja la mshubiri ilhali mshubiri mzima ulikuwa umejaa maua. Na kwenye mchikichi wa Khumbulani aliwapata wanana.

Wanana walimmaliza. Dume alikuwa wa manjano, na alisuka nyumba yake tangu alfajiri, unyasi mmoja mmoja, akining'inia kichwa chini, na alipomaliza alitikisa mabawa na kupiga kelele kuita jike. Jike alikuja. Aliingia ndani, akatoka. Akavuta unyasi mmoja. Akavuta mwingine. Kisha akaibomoa nyumba nzima na kuiangusha kwenye karo la Khumbulani, akaondoka zake bila kuaga.

"Mwenzangu," MaZondi alimwambia yule jike kwa sauti, "umeona ukuta ule wa kushoto? Hata mimi nisingehamia."

Shezi alimkuta pale akiongea. "Phuthu inaungua," alisema.

"Igeuze."

"Mimi?"

"Jike anarudi kukagua ya pili. Siwezi kutoka sasa."

Shezi aliigeuza phuthu, akarudi, akasimama nyuma yake. Baada ya muda aliomba darubini. Jike wa mnana alikuwa ameingia kwenye nyumba ya pili na hakutoka.

"Hii ameipenda," Shezi alinong'ona.

"Subiri."

Unyasi wa kwanza ulianguka.

"Lakini ile ilikuwa nzuri," Shezi alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu ambao MaZondi hakuwahi kuusikia hata bima ya mazishi ilipopanda.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Ndoo zikawa mbili. Shezi alijiambia kwamba anakaa pale kulinda mkataba, asije mkewe akamletea ushahidi wa kupika. Lakini kwa kuwa alikuwa ametoa hukumu moja kuhusu ndege, na hukumu ikakubaliwa, alianza kuonja utamu wa kuwa mtu anayejua. Kila noti tatu ziliposikika, aliinua kidole.

"Kurumbiza. Msikilize anavyoharakisha noti ya mwisho."

"Kurumbiza tena. Phezukomkhono haiti akiwa chini namna hiyo, ana heshima zake."

"Kurumbiza. Wa kweli akianza hana kituo, anaita mpaka unatamani kumtupia kiatu. Huyu anachoka, anabadilisha nyimbo."

Watu wa mtaani walianza kumwuliza. MaDuma alisimama kwenye geti kuuliza ndege gani anamwamsha saa kumi, naye Shezi akamjibu kwa maelezo marefu kuliko swali. Kanisani alimsahihisha mwinjilisti aliyetaja hua, maana aliyekuwa akilia nje wakati ule alikuwa shore. Khumbulani akaanza kumwita Profesa, kwanza kwa utani, halafu kwa mazoea.

Kurumbiza naye hakukaa bure. Kati ya mambo aliyoyasikia katika ua ule, alichagua lile ambalo Shezi hakupenda lichaguliwe. Kulikuwa na mluzi, mrefu na mfupi-mfupi, ambao Shezi aliupiga ukutani kila MaZondi alipotoka kwenda kwenye mikutano ya kina mama wa kanisa. Maana yake ilikuwa: ametoka, njoo na kitu. Siku moja adhuhuri MaZondi alikuwa jikoni akikaanga maini, Shezi amelala sebuleni, na mluzi ule ukapigwa kwenye mpichi. Dakika si nyingi mlango wa nyuma ukafunguliwa, na Khumbulani akaingia na chupa nne kubwa za bia kifuani kama mtu aliyebeba mapacha wawili.

Walitazamana.

"Shemeji," Khumbulani alisema.

"Umeitwa na nani?"

Mluzi ukapigwa tena nje. Shezi alitokea mlangoni akiwa na alama ya mto shavuni. Wote watatu wakasikiliza mluzi ukimalizika, kisha ukafuata mlango wa kabati, kisha paka.

"Kurumbiza," Shezi alisema, kwa kuwa alikuwa amezoea.

"Nakushukuru, Profesa," MaZondi alisema. "Khumbulani, hizo ziweke kwenye friji. Kumbe ndivyo mnavyoitana. Mimi nilidhani miaka yote hii huwa unaotea."

Septemba ilisogea. Mpichi ulitoa maua ya waridi, ukayamwaga, ukatoa majani. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku ikaondoka na vumbi. Jike wa mnana hatimaye alikubali nyumba, ya sita, na siku ile Shezi alikunywa chai ya pili kwa furaha. Lakini phezukomkhono hakuita. MaZondi alitoa mbegu kwenye chupa, akazimwaga kwenye sinia, akazichagua zilizotobolewa na zisizotobolewa, akazirudisha. Wiki ya mwisho alimwambia Shezi waziwazi, maana hakujua njia nyingine ya kuwaambia watu mambo.

"Mimi nitashindwa. Naona. Na nikishindwa, sitanuna, nilikubali. Ila ujue kwamba mahindi ya mama yangu yamefia kwenye mdomo wako."

"Si kwenye mdomo wangu. Ndege hajaja."

"Ndiyo. Ndege hajaja."

Shezi alikosa raha siku nzima. Alitaka ushindi, lakini hakutaka kuambiwa hivyo. Hata hivyo sharti ni sharti, na Khumbulani alishamlipa mwenye lori.

Asubuhi ya Siku ya Urithi lori liliingia kinyumenyume kupitia uwazi wa ukuta, likiwa na kontena mgongoni na mkono wa chuma wa kulishushia. Mitaani moshi wa nyama ulishaanza kupanda. Dereva alikuwa kijana mnene mwenye kofia ya sufu, mzaliwa wa Nongoma, aliyeongea na kila mtu kana kwamba wamesoma darasa moja. Shezi na Khumbulani walisimama upande wa pili wa lori wakielekeza kwa mikono miwili miwili, kila mmoja upande wake. MaZondi alibaki dirishani jikoni. Alikuwa ameamua kutotoka. Alikuwa akikatakata kabichi kwa nguvu kuliko kabichi inavyohitaji.

Ndipo zikaja zile noti tatu.

Zilikuja wazi, nzito, zikishuka kama mtu ashukaye ngazi. Zikaja tena, na tena. Dereva alizima injini ili ateremshe miguu ya lori, na katika kimya kile sauti ikajaa ua wote. Ikaendelea. Haikuharakisha noti ya mwisho. Haikuchoka.

"Eh," dereva alisema, akishuka. "Kurumbiza wenu huyo hodari."

Shezi aligeuka polepole.

"Nini?"

"Kurumbiza, mzee. Anaiga. Kwetu Nongoma wamejaa. Nawajua toka utotoni."

"Kijana. Wewe unaendesha nini?"

"Lori."

"Endelea kuendesha lori. Unasikia noti ya mwisho? Imeshuka hadi chini, haikukimbizwa. Unasikia? Anarudia. Anarudia. Kurumbiza angekuwa keshafika kwenye paka."

"Mimi nasema ni kurumbiza," dereva alisema, bila ubaya wowote, akifungua mnyororo.

"Shezi," Khumbulani aliita chinichini. "Shezi, ndugu yangu, achana naye."

Lakini Shezi alikuwa na mwezi mzima wa kidole kilichoinuliwa nyuma yake. MaDuma alikuwa amesimama getini, na wapangaji wake wawili, na wote walikuwa wakimtazama Profesa akiambiwa habari za ndege na mtu wa Nongoma. Aliinua kidole kuelekea vilele vya mikaratusi, ng'ambo ya ukuta.

"Yule pale," alisema kwa sauti ya basi zima, "ni phezukomkhono. Mwenyewe. Yuko juu kwenye mkaratusi, na kama humjui usimtukane. Mimi nimesema."

Khumbulani alifunika macho kwa kiganja. Shezi alibaki na kidole juu, na mtu aliyekuwa karibu angeweza kuona sentensi yake ikimrudia polepole masikioni.

MaZondi naye, dirishani, alikuwa ameacha kukata kabichi.

Kutoka pale aliposimama aliuona ukuta wote, upande ambao lori liliwafichia wanaume. Na juu ya ukuta, chini ya mpichi, hatua chache kutoka dirishani, alikuwepo ndege mdogo mwenye tumbo la rangi ya chungwa, mdomo wazi, koo likitetemeka, akiita phezukomkhono kwa roho yake yote. Hakuwa na haraka. Labda mwezi mzima wa kusahihishwa ulimfaa.

MaZondi hakuwahi kunyamaza maishani. Aliwahi kumwambia mchungaji kwamba mahubiri yalikuwa mawili na la pili halikuhitajika. Aliwahi kumwambia mkwewe mtarajiwa kwamba masikio yake yatamsumbua Nontando kwenye watoto. Sasa maneno yalimjia mdomoni yenyewe, yamekwisha kupangwa: *Shezi, dereva anasema kweli.* Aliyahisi nyuma ya meno. Alichukua kipande kikubwa cha kabichi mbichi, akakitia mdomoni, akatafuna.

Kisha alitoka nje na jembe. Akaliegemeza kwenye gurudumu la lori na kumtazama mumewe bila kusema kitu, kwa sababu mdomo ulikuwa bado umejaa.

"Nimesema," Shezi alisema, kwa unyonge.

Khumbulani alijaribu. "Lakini, shemeji, labda huyu dereva..."

"Khumbulani," Shezi alimkata, "usinidharau mbele za watu. Najua nilichosikia."

Kontena likaenda kushushwa kwenye ua wa Khumbulani, mahali ambapo mkewe huanika nguo. Kelele zilizotoka huko ziliwafukuza hata wanana kwa muda.

Shezi alilima. Alianza siku iliyofuata, kwa jeuri ya mtu aliyejidhulumu mwenyewe na hana wa kumlaumu. Siku ya kwanza aliongea na jembe. Siku ya pili aliomba glavu. Siku ya tatu ndege mdogo mwenye mkia wa kutikisika alianza kumfuata nyuma akiokota wadudu kwenye udongo uliopinduliwa, na Shezi akaanza kulima taratibu zaidi, akiangalia asimpige, na kumwachia funza wazuri. MaZondi alikuwa akimfuata ndege, akifukia punje kwenye mistari kwa fimbo ndefu ili asipige magoti. Alikuwa amesema kidogo sana siku zile tatu, kiasi kwamba Shezi alimwuliza kama anaumwa.

Karibu na saa sita, kutoka juu kabisa kwenye mikaratusi, noti tatu zilishuka.

Shezi alisimama, akajiegemeza kwenye jembe, akatabasamu. "Unamsikia? Yupo tangu siku ile."

"Namsikia."

Ndege aliita tena. Aliita juu ya paa la MaDuma, akaita juu ya moshi wa Khumbulani, akaita mpaka mbwa wa jirani akaanza kulalamika. Sauti ilikuwa kubwa, ya mbali, yenye kitu ndani yake kama chupa tupu inapopulizwa. Haikufanana. Tabasamu la Shezi lilikaa usoni muda kidogo, likakosa pa kushika, likaondoka. Aliutazama ukuta. Akautazama mpichi. Akapima kwa macho umbali kutoka mpichi hadi dirisha la jikoni.

"MaZondi."

"Naam."

"Siku ile ulikuwa dirishani."

"Nilikuwa nakata kabichi."

"Uliona kitu?"

Angeweza kusema hapana. Lakini uongo haukuwa kazi yake, na kunyamaza siku tatu kulikuwa kumemchosha kuliko kulima kungemchosha.

"Nilimwona mpaka meno, kama angekuwa na meno," alisema. "Tumbo la chungwa, juu ya ukuta. Aliimba vizuri sana, Shezi. Hata mimi kama nisingemwona ningeapa."

Shezi alikaa chini, palepale, kwenye udongo aliouvunja mwenyewe. Mbele yake ilikuwa mistari iliyokwisha kupandwa, robo tatu ya kiwanja, imefukiwa vizuri. Ndege mwenye mkia wa kutikisika alimsogelea kuona kama bado kuna huduma.

"Ulinyamaza," alisema hatimaye. "Wewe."

"Ilinigharimu."

"Na mimi ndiye niliyesema. Kwa mdomo wangu."

"Kwa mdomo wako. Mbele za watu."

Alitafakari hilo. Bega lake moja lilianza kutikisika, kisha la pili, na MaZondi alichelewa kutambua kwamba anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye udongo, akajichora uso mzima. Halafu akanyanyuka, akashika jembe, akaangalia robo iliyobaki kama mtu anayeangalia kituo cha mwisho. Alipiga mapigo mawili matatu. Akasimama tena, na safari hii hakuwa akicheka hata kidogo.

"Ila MaZondi," alisema, akiangalia kwanza barabarani. "Yule dereva wa Nongoma asijue."